Mashine ya Kufulia na Jina Lake

Vijana wa atelier, karakana yetu ya hospitali, mlipokuja kuniaga mlisema niandike mambo ya kazi kwa sababu sasa nina nafasi. Nafasi yenyewe sijaiona bado. Tangu nistaafu, mke wangu amegundua kwamba kila kitu katika nyumba yetu ya Majengo kilikuwa kimeharibika miaka yote ile na kilikuwa kinanisubiri kwa heshima. Naandika hapa mezani huku pasi moja na redio mbili zikinitazama.

Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa napokea nini mwisho wa mwezi. Mambo hayo yamo kwenye dosie yangu ofisini, na nadhani panya wameisoma kuliko wakubwa. Nitawaambia mambo ya mashine, na ya watu waliokaa nazo, hasa ile mashine ya kufulia ambayo hadi leo mnaisalimia asubuhi bila kujua sababu.

Siku yangu ya kwanza hospitalini nilivaa shati jeupe. Mama yangu alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, kwa furaha kwamba katika ukoo wetu wa wachuuzi na madereva, watu wa asili ya Maniema wasiotulia mahali, hatimaye mmoja amepata kazi ya kukaa. Mkuu wa atelier alikuwa Papa Kambale, Mnande wa upande wa Butembo, mfupi, mwenye vidole vinene ambavyo usingedhani vinaweza kushika skrubu ndogo. Aliniangalia kuanzia kola mpaka viatu.

“Mutoto ya Maniema,” akasema, “umekuya hapa kufunga ndoa?”

Kabla ya adhuhuri shati lilikuwa na rangi ya jenereta. Alinipa bisibisi, koleo, tochi, na kioo kidogo cha mviringo, cha wanawake kujitazamia. Kioo hicho ni cha kuona nyuma ya mashine bila kuisogeza. Mlinunuliwa vifaa vipya vya kisasa, nami nikavifurahia, lakini kioo msikitupe. Papa Kambale alikuwa pia akitumia pua. Alisema mota inayotaka kufa hunuka siku kadhaa kabla, na mwenye mafua asije kazini kwake maana atakuwa kipofu nusu.

Mnajua vifaa vyetu vilikotoka. Hospitali ya Goma hainunui mashine, huipokea. Inakuja kutoka Ulaya baada ya kufanya kazi huko mpaka ikachokwa, imepita kwenye mikono ya nchi hii na nchi ile, na inafika kwetu imeandikwa lugha za watu wote isipokuwa lugha ya mtu atakayeitumia. Sisi tulikuwa na Kifaransa cha shule, na kila neno tuliloliona tulilisoma kwa Kifaransa hicho. Hapo ndipo balaa lilipokuwa linaanzia.

Katika wiki zangu za kwanza yaliletwa masanduku makubwa ya mbao kutoka Uingereza. Moja liliandikwa kwa rangi nyeusi FOUR. Kwa Kifaransa hiyo ni tanuri, jiko la kuokea mikate. Mpishi wa hospitali aliposikia alikuja mbio akiwa na aproni, akakaa juu ya sanduku ili mtu asimwibie, akatutajia aina za mikate atakayotuokea. Alitaja mpaka keki. Tukafungua. Ndani mlijaa vyombo vya wagonjwa kujisaidia wakiwa kitandani, vipya, vinang’aa. Kumbe kwa Kiingereza neno lile ni nne tu, sanduku la nne, na masanduku mengine matatu yalikuwa nyuma ya lori yakitucheka. Mpishi hakutusalimia mpaka Noeli.

Haukupita muda, tukafunga ubao wa umeme uliotoka hukohuko Uingereza. Juu ya swichi kubwa kuliko zote paliandikwa MAIN. Muuguzi mmoja, mtu mtiifu sana, alisoma kwa Kifaransa: mkono. Akaweka mkono. Wodi nzima ya uzazi ikazimika, feni zikasimama, na akina mama waliokuwa wamejifungua asubuhi ile wakaanza kuuliza kwa pamoja nani hajalipa umeme. Waingereza walikuwa wanamaanisha swichi kuu.

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Papa Kambale hakucheka. Alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, ambayo ndiyo ilikuwa kiti cha wageni, akaniuliza:

“Weye unaitwa Amisi. Na ule Amisi mwenye anauzisha mafuta kule Birere, muko bandugu?”

“Hapana, Papa. Ni jina tu.”

“Batu banakujaga kumutafuta kwako?”

“Kila juma. Na wanakuja wamekasirika.”

“Basi neno ya Bazungu iko vilevile. Usiulize inasema nini. Uliza kwanza inatoka kwa nani.”

Hilo nililishika maisha yangu yote ya kazi. Maneno mawili yanaweza kuwa na sura moja, herufi kwa herufi, na yasiwe ndugu hata kidogo. Kiswahili cha vitabuni humwita mtu mnayelingana jina somo. Sisi Goma tunamwita ndoyi. FOUR ya Mfaransa na FOUR ya Mwingereza ni ndoyi tu. Moja mama yake Mlatini, nyingine imezaliwa kwa watu wa kaskazini, zikakutana juu ya sanduku kwetu kwa bahati mbaya ya mpishi.

Sasa niwaeleze mila ya ndoyi, maana nyinyi mmeikuta tu na wengine wenu mnaifanya kwa mzaha. Ilikuwa ya Papa Kambale. Hakuna mashine iliyoruhusiwa kumgusa mgonjwa kabla haijapewa jina la mtu wa hospitali aliye hai. Yeye aliita ubatizo, na mimi Mwislamu nilibatiza mashine nyingi kuliko padri wa parokia anavyoweza kudhani. Waliotumia mashine ndio waliochagua jina, wakubwa hawakuingilia. Na aliyechaguliwa hakuwa na ruhusa ya kukataa, kama vile huwezi kumkataa mtoto wa jirani aliyepewa jina lako. Mtoto akiwa ndoyi wako unamjua: unamsalimia, unamtafutia zawadi, akiugua unakwenda kumwona. Na kwa mashine ilikuwa hivyohivyo. Ndoyi alipita asubuhi kabla haijawashwa, akaigusa, akachungulia chini kama inavuja, akaitafutia chakula chake, iwe mafuta au maji safi. Ikipona baada ya kuugua, yeye ndiye aliyeleta soda.

Nilimuuliza Papa Kambale sababu. Alisema: “Ukisema jenereta ni ya hospitali, ikikohoa hakuna mutu anasikia. Ukisema jenereta ni Bonane, Bonane mwenyewe anatoka mbio kwenda kuona kama anapumua.”

Bonane alikuwa mlinzi wa getini, na kweli alikuwa anakohoa kabla ya kusema lolote, kama jenereta yake. Chombo cha kuchemshia vifaa vya upasuaji kilipewa jina la sista mmoja mkali, masera kama tunavyowaita, kwa sababu vyote viwili vilipiga filimbi vikikasirika. Ilikuwa raha kusikia watu kwenye korido. “Bonane amezimika.” “Masera amechemka, msikaribie.” Wageni walituogopa.

Papa Kambale alistaafu, nikabaki mimi na bisibisi na ile ndoo. Miaka ikaenda. Ukafika wakati ambao kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya zilijaa, na hospitali ikajaa, wagonjwa wawili kitanda kimoja na wengine kwenye mikeka. Wagonjwa wakiongezeka, kila mtu anafikiria dawa. Hakuna anayefikiria mashuka. Mashuka alikuwa anayafikiria Mama Faida.

Mama Faida alitoka upande wa Bukavu, Mshi, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mjane. Alikuwa mkubwa wa wafuaji, wanawake waliofua kwa mikono kwenye mabeseni ya saruji nyuma ya jiko. Sauti yake ilisikika kabla yake. Alikuwa na watoto wanne wanaosoma, na wote walisomeshwa na yale mabeseni. Wenzake wengi walikuwa vilevile, wanawake wasio na waume au wenye waume wasio na kazi. Siku tuliyotangaziwa kwamba inakuja mashine kubwa ya kufulia, hospitali yote ilipiga makofi isipokuwa ule uwanja wa nyuma.

Aliyeitafuta mashine hiyo alikuwa msimamizi wetu, Papa Deogratias, ambaye tulimwita Papa Deo. Sitaki mmuone vibaya. Alikuwa mtu msafi, mwenye tai, aliyeipenda hospitali kweli, na alikuwa amehangaika kuandika barua kwa kila mtu Ulaya. Lakini aliisema mwenyewe kwenye mkutano, wazi na bila ubaya: mashine itafanya kazi ya wanawake wote wale, atabaki mtu mmoja wa kubonyeza, na wengine wataagwa mwisho wa msimu wa mvua. Bodi ilikuwa imemtaka afanye hivyo.

Mama Faida alikuja atelier mchana uleule. Hakukaa kwenye ndoo.

“Papa Amisi, ile mashini njo inakuya kutufukuza?”

Nilimwambia mashine haijui kufukuza mtu.

“Miye siko na shida na mashini. Miye niko na batoto. Nitabaambia nini? Mama yenu amefukuzwa na kitu haina hata macho?”

Nilikaa pale nikifungua na kufunga koleo, nikaona aibu ya kuwa mtu ambaye kazi yake ni kuifanya mashine hiyo iende.

Mashine ikafika juu ya lori, ikashushwa na wanaume wengi na makelele mengi kuliko wanaume. Ilikuwa kubwa kama duka dogo la Birere, na pembeni yake palikuwa na kitanki chenye kifuniko. Na nisikilizeni vizuri hapa. Juu ya kifuniko cha kitanki palichorwa kwenye chuma SALE. Karibu na bomba la nyuma mtu alikuwa ameandika kwa brashi SALE, na mshale. Na ubavuni ilikuwa imebandikwa karatasi kubwa nyekundu, iliyofifia, SALE.

Mnajua vikapu vyetu vya wodini. Kimoja kimeandikwa PROPRE, kingine SALE: nguo safi, nguo chafu. Hospitali yote, hata anayesafisha sakafu na hajasoma, aliijua sura ya neno hilo kwa macho. Kwa hiyo wafuaji walipoiona mashine walikasirika mno. Mashine ya kutakatisha imekuja imeandikwa “chafu” mpaka kifuani! Mama Faida alichukua brashi ya waya, akaisugua ile karatasi nyekundu mpaka ikaisha, huku akisema hata kama inakuja kumfukuza, haitakaa kwenye uwanja wake imeandikwa matusi.

Kifuniko cha chuma hakikusugulika. Na wauguzi, watu watiifu, walifanya lililoandikwa. Kila nilipofungua kitanki nilikuta foronya zenye damu, bendeji, mara moja soksi. Nilizitoa, wao wakarudisha. Nyuma ya mashine, kwenye bomba lenye mshale, tulisema maji machafu yatatokea hapo, na kweli yalitokea hapo, kwa hiyo tukajiona tumeelewa. Lakini mashuka yalitoka magumu kama karatasi ya sementi, yenye weupe wa unga, na mashine ilikuwa inaguna. Papa Deo alikuja na tai yake, akayagusa mashuka, akajipangusa unga vidoleni. Nilimhurumia.

Nikakumbuka Papa Kambale: linatoka kwa nani? Nikachukua kioo changu, nikalala chini, nikatafuta kibati cha kiwanda. Kilikuwa Kiitaliano. Mjini palikuwa na sista mzee wa Italia, masera Agnese, aliyekuwa anafundisha wasichana ushonaji na zamani alifundisha Kilatini. Nilimleta kwa pikipiki, akafika ameshika kilemba chake kwa mikono yote miwili, anacheka. Aliposoma kifuniko alicheka zaidi.

“Mwanangu, hii ni chumvi.”

Chumvi! Kitanki kilikuwa cha kulainisha maji. Na nani Goma hajui maji ya ziwa letu? Birika zetu zote zina ukoko mweupe ndani. Mama Faida aliposikia alipiga mikono.

“Miye nasema kila siku, maji ya ziwa inakatala sabuni! Mashuka ya chumba ya upasuaji, nafua na maji ya mvua.”

Masera akazunguka nyuma, akatazama maandishi ya brashi, akasema hayo hayakuandikwa na Mwitaliano. Hayo ni Kihispania: “inatoka”. Maana mashine hiyo, kabla ya kuja kwetu, ilikuwa imeolewa Uhispania. Na karatasi nyekundu aliyoisugua Mama Faida? Masera alikisia ni ya Kiingereza, “inauzwa”, ya duka au ghala lililoiuza mara ya mwisho. Nilimuuliza kama basi haya yote ni neno moja lililopotea njiani. Akasema hata kidogo, na akanitajia koo zao mojamoja, tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa beseni. La Kiitaliano limetoka kwenye chumvi ya Walatini. La Kihispania nalo la Kilatini, lakini la mama mwingine, kitenzi cha kuruka. La Kiingereza lililetwa na mabaharia wa kaskazini, kwao ni kukabidhi kitu. La Kifaransa, hilo letu la vikapu, lilikuja na wapiganaji wa Kifranki, kwao lilikuwa rangi ya kufifia, ya maji yaliyochafuka. Koo nne, sura moja, mashine moja, nyuma ya jiko la Goma. Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi za kazi, na bado nikiwaza nafurahi.

Tukatia chumvi ya mawe, mashuka yakatoka laini. Na hapo ndipo furaha yangu iliingia mchanga, maana sasa mashine ilikuwa inafanya kazi kweli, na mvua ilikuwa inaelekea kuisha.

Nikabuni mpango. Nilimwita Mama Faida na wenzake, nikawaambia: kesho kutwa tunaitia jina. Nyinyi ndio mnaochagua. Iiteni Faida. Ndoyi wa mashine hafukuzwi. Tangu nianze kazi sijaona.

Mama Faida alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

“Papa Amisi, weye unajua mashini, lakini bantu haubajue. Ukiita ile kitu Faida, watakuwa na Faida mbili. Watachunga yenye haikule, yenye inakula watafukuza.”

“Basi tuiite nani?”

Akawaangalia wenzake. Waliokuwa wamekaa wakaanza kucheka kabla hajasema, kwa hiyo nilijua walikuwa wameshapanga bila mimi.

“Deogratias,” akasema.

Siku ya jina Papa Deo alivaa suti. Alileta soda mwenyewe, hakungoja mashine iugue. Mama Faida alimwagia mashine maji kidogo juu, akasema kwa sauti ya misa: “Tangu leo unaitwa Deogratias, uwe na nguvu, usikule mashuka ya bagonjwa.” Watu wakapiga vigelegele. Papa Deo aliguswa, naweza kusema macho yalimlowa. Akashukuru kwa Kifaransa kirefu. Alipomaliza, Mama Faida akamwambia kwa heshima zote:

“Asante, Papa Deo. Basi kesho asubuhi tunakungojea. Ndoyi yako haiwake kama haujamusalimia.”

“Kila asubuhi?”

“Ni mutoto yako, Papa.”

Hakuweza kukataa, hakuna aliyewahi kukataa. Akaja kesho yake na tai, akaweka mkono kwenye mlango wa mashine, akasema “bonjour, ndoyi,” akataka kuondoka. Wakamwambia ndoyi ana njaa. Akaagiza chumvi. Siku nyingine wakamwambia ndoyi anavuja. Akainama kuchungulia, tai ikaingia kwenye maji. Korido nzima ikawa na habari zake. “Deogratias ametapika leo.” “Deogratias amekataa kuzunguka.” “Deogratias amekula soksi.” Mwanzoni alikuwa anageuka kwa hasira akidhani anasemwa yeye. Baadaye alikuwa anauliza kwa wasiwasi: “Amekula soksi ya nani?”

Wanawake hawakumfundisha kitu wala kumlalamikia. Walikuwa wanafanya kazi yao tu, naye amesimama katikati akingoja ndoyi wake aamke, maana umeme wa Goma mnaujua, na kungoja ni sehemu ya kazi. Huwezi kusimama mahali kila asubuhi usione. Aliona mashuka yanavyochambuliwa kabla, yale ya damu kando, ya mtoto kando, ya kidonda kinachonuka kando, na sindano zinazosahauliwa ndani zikitafutwa kwa ncha za vidole. Asubuhi moja aliona damu haijatoka, akachukua shuka mwenyewe, akalitia maji ya moto ili kusaidia. Damu ikaiva, ikakaa humo milele. Hakuna aliyemcheka. Mama Faida alimwonyesha maji ya baridi na chumvi kidogo, kisha akaendelea na shughuli zake. Aliona mashuka yakianikwa kwenye kamba na juu ya mawe meusi ya volkeno, na Nyiragongo ikipuliza majivu yake, wanawake wakikimbia kuyaanua yote na kuanza upya. Aliona yakishonwa. Mashine haikuwa na habari na lolote kati ya hayo. Ilikuwa inazunguka tu, na kulala.

Tai ikaacha kuja. Baada ya muda alikuwa anafika amekunja suruali.

Lakini mvua zilikwisha, na siku ya kuaga ikapangwa. Tuliitwa uwanja wa nyuma sote, wafuaji mbele. Mama Faida alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Wenzake walikuwa wamejipanga karibukaribu. Mmoja alikuwa tayari analia ndani ya kitambaa. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya mzunguko, kwa hiyo mashine ilikuwa imesimama na mashuka yamejaa maji yamerundikwa kwenye beseni. Mimi nilisimama nyuma, nikijua kwamba Papa Deo akisema anachotakiwa kusema nitaichukia mashine niliyoitengeneza kwa mikono yangu.

Papa Deo alikuja amevaa suti, bila karatasi. Alisimama kando ya mashine, akaweka mkono juu ya mlango wake kama kila asubuhi. Alianza kwa Kifaransa, akaacha. Akasema kwa Kiswahili chake cha nyumbani:

“Bodi inaniuliza, hawa bamama wote bado ni ba kazi gani. Nimewaandikia jibu jana. Nimewaambia, ndoyi yangu ninamujua, nakuwaga naye kila asubuhi. Iko na nguvu, iko na tumbo kubwa, lakini haiko na mikono. Hakuna mama hata mumoja atatoka hapa.”

Nilitegemea vigelegele. Havikuja. Walibaki kama watu walioshushwa mzigo ambao bado shingo haijaamini. Yule aliyekuwa analia aliendelea kulia, ila sasa kwa sauti. Mimi pia macho yalinilowa, na sikujificha.

Mama Faida ndiye aliyetangulia kusogea. Hakumpa mkono Papa Deo wala hakumshukuru. Alikwenda kwenye beseni, akavuta shuka moja lililojaa maji, zito, akamtupia ncha yake.

“Shika huko, Papa Deo. Shika nguvu. Tukamue.”

Akashika. Wakasimama wametazamana, shuka katikati yao, kila mmoja akilisokota upande wake, yeye na suti yake, Mama Faida na kitenge cha Pasaka. Maji yakamwagika kwa wingi juu ya viatu vyeusi vya Papa Deo, naye hakusogeza miguu.